Mjadala: Kompyuta ya gemu na muziki bado inahitaji kadi ya sauti ya kununua?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, ninaleta hoja iliyonigombanisha na rafiki yangu wa tangu shule. Anaunda kompyuta ya kuchezea gemu na kusikilizia muziki, na katika bajeti yake ametenga fedha za kadi ya sauti ya kuchomeka kwenye ubao mama, fedha ambazo kwa hesabu yangu zinatosha kununua hedifoni nzuri kuliko alizo nazo. Msimamo wangu ni kwamba kadi ya namna hiyo ilikuwa ya lazima zamani, na kwamba leo anayeinunua bila sababu maalumu ananunua mazoea.

Ninaanza na historia kwa sababu watetezi wa kadi nao huanzia huko. Kompyuta binafsi nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na kispika kimoja cha kulia "bip", na ndiyo maana Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989, ilipokelewa kwa shangwe. Mwaka 1998 ikaja Sound Blaster Live!, ambayo chipu yake iliweza yenyewe kukokotoa mwangwi wa ukumbi na upande sauti inakotokea, kazi ambayo prosesa za wakati ule zingeifanya kwa kuhema. Kisha yakatokea mambo mawili. Intel iliweka kanuni za sauti iliyomo ndani ya ubao mama, kwanza AC'97 na baadaye HD Audio ya mwaka 2004, hivyo kompyuta zikaanza kuja na sauti yao bila nyongeza. Halafu Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, ikaifunga njia ya DirectSound ambayo gemu zilitumia kuikabidhi kadi ukokotoaji huo. Tangu hapo prosesa ndiyo inayopika, na kadi imebaki kupakua.

Kilichobaki kwa kadi, basi, ni kugeuza tarakimu kuwa umeme na kuusukuma umeme huo hadi masikioni. Hata hapo ubao mama si mnyonge. Chipu ya Realtek ALC1220 hutangazwa kuwa na desibeli 120 kati ya sauti na kelele, ilhali CD yenye biti 16 inaishia kwenye desibeli 96 hivi. Anayesikiliza muziki wa mtandaoni wa kilobiti 320 kwa sekunde anatafuta desibeli ngapi zaidi? Ninawaomba wenye hoja za kinyume wazilete kwa vipimo, kwa maana maneno kama "sauti imejaa" hayapimiki.

Mcheza gemu, Mombasa

Ndugu mwanzisha mada, umeandika kama mtu ambaye kompyuta yake haijawahi kumpigia mluzi sikioni. Ya kwangu ilikuwa kila nikisogeza kipanya ninasikia "sss" kwenye hedifoni, na gemu ikipamba moto kadi ya michoro inaanza kulia kwa sauti nyembamba ambayo hata kelele za risasi haziifuniki. Desibeli 120 ulizozitaja zimeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji wa chipu. Chipu hiyo hiyo ikikaa jirani na kadi ya michoro inayomeza mamia ya wati, mambo ni mengine. Nilinunua kadi ya sauti ya ndani na mluzi ukaisha siku hiyo hiyo. Pili, katika gemu za kufyatuliana risasi ninahitaji kujua kama nyayo za adui ziko juu, nyuma au kushoto kwangu, na kadi yangu ina programu ya sauti ya mzunguko wa 7.1, yaani inayoiga spika saba na moja ya besi. Hayo nayo ni mazoea?

Fundi wa kompyuta, Nairobi

Ninatengeneza kompyuta, nyingi zikiwa mitumba ya ofisini, na naweza kusema malalamiko ya kelele nimeyapokea zaidi kuliko malalamiko ya skrini. Ndugu yetu wa Mombasa hasemi uongo, ila ninatilia shaka kama kadi ndiyo iliyomtibu. Ninamuuliza: hedifoni alikuwa amezichomeka mbele ya kasha au nyuma? Tundu la mbele limeunganishwa na ubao mama kwa waya mrefu, mwembamba, unaopita chini ya kadi ya michoro na kando ya nyaya za umeme, na waya huo huokota kila kilichopo njiani. Mteja akija na mluzi wa aina hiyo, jambo la kwanza ninalofanya ni kuhamishia hedifoni zake kwenye tundu la nyuma, mbele ya macho yake. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo, nami ninakosa biashara.

Wenye spika za umeme wana ugonjwa mwingine ambao nao huitwa kelele, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Huo ni mvumo mzito usiobadilika, na chanzo chake mara nyingi ni ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini. Kuna nyumba zenye soketi za pini tatu ambazo pini ya ethi haijaunganishwa na chochote. Pawa saplai ya kompyuta ina kapasita za kuchuja umeme ambazo, ethi inapokosekana, huliacha kasha likiwa na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini ndio ule mtekenyo anaousikia mtu akilipapasa kasha akiwa pekupeku, na ndio unaotafuta njia ya kwenda ardhini kupitia waya wa spika. Hali ya kinyume pia huvuma: kompyuta na spika zikipata ethi kutoka soketi mbili tofauti, mkondo huzunguka kati yao. Kadi ya ndani haitibu lolote kati ya haya, na hata kifaa cha nje cha USB si dawa ya uhakika, kwa sababu waya wa USB unabeba ethi ile ile ya kompyuta. Waya wa mwanga, unaochomekwa kwenye tundu la mwanga la S/PDIF (njia ya kutolea sauti ikiwa bado tarakimu), hukata mzunguko kabisa kwa kuwa haupitishi umeme. Lakini kasha likitekenya, aitwe fundi umeme kwanza, muziki utasubiri.

Kuhusu nyayo za adui, nitasema kwa kifupi kwamba hedifoni zina spika mbili kama binadamu alivyo na masikio mawili. Kujua sauti inatoka juu au nyuma hutokana na jinsi kichwa na ndewe zinavyoibadilisha kabla haijaingia ndani, na mabadiliko hayo huweza kukokotolewa na programu. Gemu ya Counter-Strike: Global Offensive iliwekewa ukokotoaji huo, unaoitwa HRTF, mwaka 2016, na Valorant ikaupata mwaka 2021. Windows nayo ina Windows Sonic bila malipo. Anayewasha HRTF ya gemu na papo hapo akawasha 7.1 ya kadi yake anaikokotoa sauti mara mbili, na matokeo yake ni nyayo zinazoelea bila mahali. Ndugu wa Mombasa, izime hiyo 7.1 kwa siku tatu, kisha utupe habari.

Simuungi mkono mwanzisha mada kwa kila neno, hata hivyo. Ametaja ALC1220 kana kwamba kila ubao unayo, wakati mbao za bei ya chini huja na chipu za daraja la chini, na baadhi ya matundu yana ukinzani mkubwa unaobadilisha besi ya hedifoni. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, yaani hedifoni za omu 32 zinataka tundu lisilozidi omu 4.

Mcheza gemu, Mombasa

Zilikuwa mbele. Nitajaribu nyuma mwishoni mwa wiki. Lakini hedifoni ninazotamani ni Sennheiser HD 600 za omu 300, na kila ninayemuuliza ananiambia kwamba bila amplifaya zitanong'ona tu.

Fundi wa kompyuta, Nairobi

Tupige hesabu badala ya kuogopeshana. Apple wana kiunganishi kidogo cha kuchomeka hedifoni kwenye USB-C, ambacho Marekani kimekuwa kikiuzwa dola 9, na ambacho kikichomekwa kwenye kompyuta hutoa takriban volti 1. Volti 1 kwenye omu 300 ni miliwati 3.3. HD 600 hutoa kama desibeli 97 kwa miliwati moja, kwa hiyo utavuka desibeli 100. Msikilizaji wa muziki wa okestra wenye vipindi vya ukimya anaweza kutaka akiba zaidi, na hapo amplifaya ya mezani ina haki yake. Kwa gemu na bongo fleva, kiwango hicho tayari kinayatosha masikio na kuyazidi.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ninakubali kosa la kuzungumza kana kwamba mbao zote ni sawa. Hata hivyo naona hoja imesogea upande wangu: mahali ambapo ubao umeshindwa, tiba iliyotajwa ni kifaa cha nje cha bei ndogo, au tundu la nyuma, au fundi umeme. Kadi ya ndani bado haijapata wakili.

Msikilizaji wa taarabu, Unguja

Assalaam alaykum. Wakili ni mimi, ingawa mteja wangu si yule mnayemjadili. Mzee wangu aliacha kanda za kaseti za taarabu, baadhi zimerekodiwa harusini, nami ninazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Nilianza kwa kompyuta mpakato, yenye tundu moja tu la hedifoni na maiki kwa pamoja. Njia ya maiki ni ya upande mmoja, na imetengenezwa ikuze sauti dhaifu, kwa hiyo deki ya kaseti ilipoleta umeme wake wenye nguvu, fidla zilipasuka na kanuni, ile ala ya nyuzi, ikasikika kama bati linalopigwa. Viunganishi vidogo vya USB mnavyovisifia nilivyojaribu havikuwa na njia ya kuingizia sauti kutoka kwenye deki. Kadi za ndani nyingi zinayo, kulia na kushoto, na mjadala huu wote umezungumzia sauti inayotoka kana kwamba hakuna anayetaka kuingiza.

La pili, ninapenda kusikiliza faili za ubora wa juu kuliko CD, za biti 24 na kilohezi 192. Kanuni inasikika hadi mtetemo wa mwisho wa uzi. Msiniambie ubao mama utanipa hayo.

Fundi wa kompyuta, Nairobi

Waalaykum salaam, shekhe. La kwanza ninalipokea bila ubishi, na nilipaswa kulisema mwenyewe. La pili linahitaji ushahidi. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society jaribio la mara 554, ambapo wasikilizaji walilinganisha muziki wa ubora wa juu na muziki huo huo uliopitishwa kwenye kiwango cha CD bila kuambiwa upi ni upi, na majibu sahihi yalikuwa karibu nusu, sawa na mtu anayebahatisha. Kilohezi 44.1 za CD tayari zinabeba sauti hadi kilohezi 22 hivi, na sikio la kijana mzima huishia kwenye 20. Kwa kurekodi kanda zako, biti 24 zina faida nyingine: unaweza kuweka kiwango cha chini kidogo usije ukapasua sauti, kisha ukakipandisha baadaye bila kuongeza kelele. Kusikiliza ni habari nyingine. Programu ya foobar2000 ina nyongeza ya ABX inayokuficha majina ya faili. Jipime mara ishirini.

Msikilizaji wa taarabu, Unguja

Nimejipima jana usiku baada ya isha. Kati ya ishirini nimepata kumi na moja. Nimenyamaza kuhusu kilohezi, ila njia ya kuingizia sauti bado ninaidai.

Mcheza gemu, Mombasa

Nimechomoa kadi, nimehamishia hedifoni nyuma, na mluzi sijausikia hata gemu ikiwa imechemka. 7.1 nimeizima, nimeacha HRTF ya gemu peke yake. Siku mbili za kwanza nilijiona kiziwi, ya tatu nikaanza kuwasikia ghorofani. Kirekebisha sauti cha kadi kilikuwa kizuri, nacho nimekibadilisha kwa Equalizer APO ambayo ni ya bure. Kadi ipo kwenye boksi lake, ina tundu la kuingizia sauti kulia na kushoto. Shekhe wa Unguja, inakufaa?

Msikilizaji wa taarabu, Unguja

Inanifaa sana, na bei tutaelewana. Ila kompyuta ya mezani niliyo nayo ni ya ofisini, kasha jembamba, linapokea kadi za nusu kimo tu. Nitazamie ndani ya boksi kama lile bati fupi la kufungia lilikuja pamoja nayo.