Globu ya 2.5V inaungua kwenye tochi ya betri tatu: betri na taa zinalinganishwaje?

banda_la_nyuma:
Habari wakuu. Kuna boksi la globu ndogo za kizamani, zile za uzi, zimechanganyika. Shingoni zimeandikwa 2.5V 0.3A, 3.8V 0.3A, 6V 0.5A na 12V 5W. Upande wa betri zipo betri kavu kubwa za tochi za 1.5V, seli za lithiamu za 3.7V zilizotolewa kwenye laptop, na betri moja ya asidi ya 12V 7Ah inayochajiwa na sola. Kazi ni mbili: tochi ya betri tatu, na mwanga wa banda la kuku lililo mita 15 kutoka ilipo betri kubwa.

Maswali:
1. Globu ya 2.5V kwenye betri tatu inamulika mara moja kama radi halafu kwisha. Hiyo naielewa. Lakini betri mbili ni 3V, nazo zimezidi 2.5V. Mbona hapo haiungui?
2. Betri imeandikwa 7Ah na globu inataka kama 0.4A. Haitaisukumia ampea zote 7?
3. LED nyeupe (vile vitaa vidogo visivyo na uzi) za miguu miwili zinafungwa moja kwa moja kwenye 12V?

FundiWaya:
Naanza na la pili kwa sababu ni fupi. Betri haisukumi ampea, taa ndiyo inayozivuta. Ukiipa globu volti zake, inachukua ampea zake tu, hata betri iwe ya 7Ah au ya lori. Ah inakwambia taa itawaka kwa muda wa saa ngapi. Globu ya 12V 5W inavuta 5 ÷ 12, yaani kama 0.42A, basi.

La kwanza lina utamu wake. Ile 1.5V kwenye karatasi ya betri ni ya betri mpya isiyobeba mzigo. Ndani ya betri kavu kuna ukinzani (kizuizi cha umeme), na ukivuta 0.3A kila betri inapoteza sehemu ya kumi ya volti au zaidi. Ongeza spring na kutu ya tochi, na betri zikishatumika kidogo globu inapata 2.4 hadi 2.6V. Ndiyo maana viwanda viliandika 2.5V kwa tochi ya betri mbili na 3.8V kwa ya betri tatu: walihesabu takribani 1.25V kwa kila betri ikiwa kazini. Kwa hiyo tochi yako inataka ile 3.8V 0.3A. Umeshamaliza.

Ukitumia betri za alkalini, ukinzani wake wa ndani ni mdogo. Mwanga utakuwa mkali zaidi na globu itakufa mapema zaidi. Betri za kuchaji za 1.2V zinakaa vizuri sana hapa: mbili ni 2.4V, tatu ni 3.6V.

Uzi wa globu haupendi kuzidishiwa. Volti zikizidi kwa asilimia 5, umri wake unapungua karibu nusu. Zikizidi asilimia 20, unabaki na kama sehemu ya kumi. Ukipunguza volti kinyume chake hutokea: globu inadumu sana, ila mwanga unakuwa mwekundu na hafifu, na betri bado inaliwa. Na usishangae globu kufa pale unapobonyeza swichi. Uzi ukiwa baridi, ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi ya ule wa moto, kwa hiyo mshtuko wa kwanza ndio mkubwa.

Kibatari2:
Kwenye LED hakuna haja ya rezista (kile kijipande cha kupunguza mkondo) mkuu. LED nyeupe ni 3.2V. Funga nne mfululizo (moja baada ya nyingine kwenye njia moja), 3.2 × 4 = 12.8V. Betri ya 12V inaingia hapo kama mguu kwenye kiatu.

omu_na_volti:
Kibatari2, hesabu ya kuzidisha ni sahihi, ila betri ya asidi haikai 12V. Ikiwa imejaa na imepumzika ni kama 12.7V, ikibaki nusu ni 12.1 au 12.2V, na sola ikiwa inachaji inapanda hadi 14.4V. Huyu bwana ana sola. Mchana ukisahau kuzima, kila LED inapata 3.6V.

Kwa globu ya uzi hilo lisingekuwa janga. LED si hivyo: ikishafika volti zake, ongezeko dogo tu la volti linaongeza mkondo mara kadhaa. Tena ikipata moto, volti inazohitaji zinashuka, mkondo unazidi, moto unazidi. Moja ikipasuka kwa kukata njia, nne zote zinazima. Ikipasuka kwa kushikana, zile tatu zilizobaki zinagawana 14.4V, na hazikai muda.

Fanya hivi: LED tatu nyeupe mfululizo pamoja na rezista moja. Kanuni ni volti za betri kutoa jumla ya volti za LED, kisha gawa kwa mkondo unaoutaka. Tatu ni 9.6V, na LED za kawaida za milimita 5 zinataka 20mA, yaani 0.02A. Wengi hupiga hesabu kwa 12V: (12 − 9.6) ÷ 0.02 = omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani). Makosa. Kwenye 14.4V, rezista hiyo itapitisha 40mA, mara mbili ya inavyotakiwa. Piga hesabu kwa volti za juu kabisa: (14.4 − 9.6) ÷ 0.02 = omu 240. Omu 220 inafaa, itapitisha kama 22mA wakati wa kuchaji na 11mA kwenye 12V. Mwanga usiku utapungua kidogo, ila zitadumu. Rezista ya robo wati inatosha. Ukitaka mwanga zaidi, ongeza misururu sambamba (kila mmoja na njia yake kutoka kwenye betri), na kila msururu uwe na rezista yake. Usiweke rezista moja kwa misururu yote.

LED moja tu kwenye betri kavu tatu: (4.5 − 3.2) ÷ 0.02 = omu 65, chukua 68. Kwenye betri kavu mbili itawaka siku za mwanzo, kisha itafifia huku betri bado zina uhai.

banda_la_nyuma:
Shukrani sana. Nyongeza mbili. Globu mbili za 6V mfululizo kwenye 12V inakubalika? Na zile seli za laptop zifae nini?

JuaKaliNakuru:
Globu mbili za 6V mfululizo ni sawa, lakini lazima ampea zake zilingane. Ukichanganya 6V 0.5A na 6V 0.05A, ile ndogo ina ukinzani mkubwa, inajichukulia karibu 12V zote na kuungua. Na betri yako ikifika 14.4V, kila moja inabeba 7.2V. Hiyo ni asilimia 20 juu, rudi kwa maneno ya FundiWaya.

Seli moja ya lithiamu inafaa globu ya 3.8V. Ikijaa ni 4.2V, kwa hiyo saa ya kwanza globu inaumia kidogo, halafu inatulia kwa 3.7V. Usiweke mbili mfululizo kwa globu ya 6V, zikijaa ni 8.4V. Tatizo kubwa ni jingine: globu haijui kuacha. Itafyonza seli hadi sufuri, na seli ya lithiamu iliyoshuka chini ya 2.5V imeharibika, kuichaji tena ni hatari. Weka kibao cha ulinzi kinachokata umeme volti zikishuka mno, au zima ikifika 3.0V kwenye mita ya kupimia volti. Na zikigusana chanya na hasi, si kama mawe ya tochi ya kawaida, zinachoma.

FundiWaya:
Kwa banda, hesabu waya pia. Mita 15 kwenda na 15 kurudi ni mita 30. Waya wa shaba wa 0.5mm² una takribani omu 1 kwa urefu huo. Globu ya 5W itapoteza kama 0.4V, haina shida. Ukifunga globu ya 20W utapoteza karibu 1.7V njiani na kulalamikia betri bure. Waya wa 1.5mm² unapunguza hasara hiyo hadi theluthi.

Betri ya 12V 7Ah ina 84Wh (volti mara Ah), ila tumia nusu ili isife mapema. Globu ya 5W itawaka kwa saa 8. Taa ya LED ya 3W ya 12V itawaka muda wa saa 14 kwa mwanga mkubwa mara kadhaa. (Hizi ni za mwanga tu, vifaranga hawatapata joto hapo.) Nunua iliyoandikwa DC 12–24V, hiyo ina kidhibiti ndani, haitishwi na 14.4V. Fyuzi ya 3A iwe karibu kabisa na chanya ya betri, si huko bandani.

Angalizo la holda: taa za sola za 12V huuzwa na shingo zilezile za taa za nyumbani. Ipake rangi nyekundu shingoni, maana mtu akiihamishia kwenye holda ya 230V itapasuka papo hapo.