Sauti ya binti yangu inakauka kila baada ya mazoezi ya kwaya

MamaMwimbaji: Habari zenu, wanajukwaa. Binti yangu ana miaka 13 na anaimba sauti ya kwanza. Tangu mwezi uliopita, kila akitoka mazoezini sauti huwa imekauka, na kesho yake huongea kwa mkwaruzo hadi karibu adhuhuri. Mwalimu wake humwambia akaze zaidi ili noti za juu zisikike. Mimi humpa maji ya moto yenye asali na kumtaka anong'one tu siku nzima. Je, ni kukua, au kuna jambo tunalokosea?

MwalimuWaSauti: Dada, asali haina ubaya, lakini kunong'ona akuache leo hii, kwa kuwa wengi wanaponong'ona hulikaza koo kuliko wanapozungumza taratibu. Kama ni kupumzika, anyamaze. Ama kuhusu kukaza: nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, na mtu akiimba ile noti ya A inayotumika kutunia ala, hukutana mara 440 kwa sekunde moja, noti za juu za sauti ya kwanza huzidi hapo. Ukiongeza nguvu katika migongano hiyo, mikunjo huvimba na kushindwa kufunga vizuri, hewa hupenya, naye mtoto huzidi kusukuma ili asikike. Vinundu, yaani vivimbe vidogo vigumu kwenye nyuzi za sauti, huanzia hapo.

Ni kweli kwamba sauti ya msichana nayo hubadilika katika umri huo, ingawa haiporomoki kama ya mvulana. Ila mabadiliko hayo hayafuati ratiba ya mazoezi. Asubuhi mwombe aimbe mstari mmoja wa wimbo rahisi, juu lakini kwa upole mno, kama anayembembeleza mtoto aliyekwisha kusinzia. Sauti ikichelewa au ikitanguliwa na pumzi, huenda uvimbe bado upo, na siku hiyo asiimbe.

BesiMstaafu: Naunga mkono. Maji nayo anywe tangu mapema, asingoje koo likauke, kwa sababu maji tunayomeza hayazigusi nyuzi za sauti (yangezigusa tungepaliwa). Huzifikia polepole kupitia mwili. Mimi niliimba na mkwaruzo kwa miezi mingi huku nikinyonya pipi za mnanaa zilizonipoza koo nisisikie maumivu, na nilichelewa sana kutibiwa. Mkwaruzo ukipita wiki 3, daktari wa masikio, pua na koo amchunguze.

MamaMwimbaji: Nawashukuru sana. Leo nimemjaribu: pumzi ilitangulia, sauti ikaja kutokea kwenye neno la pili. Kwa kuwa mwezi umekwisha kupita, nimeomba miadi kwa daktari, na mwalimu amekubali kwamba wiki hii akae mazoezini akisikiliza tu. Binti mwenyewe amenuna, na malalamiko yake yote ananiandikia kwenye daftari.