Mama aliporwa njiani jioni: king'ora cha kuficha kwenye gauni la gomesi na kupima macho nyumbani, nani amejaribu?

FundiBusia
Wakubwa habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61, anauza mukene (dagaa) sokoni hapa Busia upande wetu wa Uganda, anafunga saa moja jioni anatembea kama dakika ishirini mpaka nyumbani. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alimpora mkoba na simu, pesa zilibaki kwa sababu alikuwa amezifunga kwenye mshipi wa gomesi. Kilichoniuma zaidi ni maneno yake mwenyewe, kwamba yule kijana alikuwa amesimama mbele yake kama hatua tatu hivi na yeye akadhani ni nguzo. Nguzo, banange! Na yowe halikutoka, anasema koo lilikauka.

Mimi ni fundi wa simu, basi nikachukua kile king'ora kidogo cha pini cha kutundika kwenye funguo nikakishonea ndani ya mshipi, kamba ya pini inachungulia kushoto, ukivuta kinalia mpaka urudishe pini. Mezani kinapasua masikio, lakini akishavaa kinasikika kama simu iliyofunikwa na godoro. Nifanyeje? Na la pili, kuna namna ya kumpima macho hapa nyumbani? Anakataa hospitali, anasema ni uzee tu.

Nesi_wa_Macho
Pole sana kwa mama. Ndugu yangu naanza na macho, maana king'ora anakivuta baada ya kumwona mtu, na kama anamwona akiwa hatua tatu tayari amechelewa.

Nyumbani unaweza kupima vizuri tu. Chati tunazotumia zinatokana na kazi ya Mholanzi Herman Snellen ya mwaka 1862, na kwa mtu asiyetaka kusoma herufi tunatumia E moja inayogeuzwageuzwa, yeye anaonyesha kwa mkono vidole vya E vinatazama wapi. Chora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe E tatu, ya kwanza urefu milimita 44, ya pili 13, ya tatu 9, na unene wa kila mstari uwe sehemu moja ya tano ya urefu wake. Pima mita 3 kwa futi ya fundi, usikadirie kwa hatua. Mpime nje kivulini mchana, jicho moja moja, lile jingine alifunike kwa kiganja bila kulibonyeza (vidole vinaachia mwanya na wazee wetu wanachungulia, nimeona mara nyingi!). Geuza kila E mara tano hivi, akipata nne hesabu ameona. Ile ya 9 ndiyo 6/12 (yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita 12), ya 13 ni 6/18, na akishindwa hata ile kubwa ya 44 jicho hilo liko chini ya 6/60, usikae nalo nyumbani.

Halafu fanya hivi: toboa kadi ngumu kwa pini, tundu la kama milimita moja, achungulie humo aangalie zile E tena. Akiona vizuri zaidi, shida kubwa huwa ni ya miwani. Asipoona tofauti, fikiria mtoto wa jicho au ugonjwa wa ndani. Muulize pia kama taa za magari usiku zinamtawanyikia machoni, wenye mtoto wa jicho wanalalamikia hilo sana. Ila akipita vipimo vyote usiseme amepona, glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho) inakula pembeni kwanza na katikati mtu anaendelea kuona, kwa umri wake lazima apimwe presha ya macho. Na dawa za majani asiweke machoni, tafadhali.

OkelloSpika
Fundi mwenzangu, shida yako ni kitambaa. Ndani ya hicho king'ora kuna kisahani cha shaba chenye keramiki nyeupe juu, kinatetemeka na sauti inatokea kwenye matundu ya plastiki, ukiyaziba sauti kali ndiyo inakufa kwanza. Kata dirisha kwenye mshipi upande wa nje, shonea kipande cha chandarua juu yake, matundu yatazame nje yasitazame tumbo. Na ile namba ya desibeli 130 kwenye pakiti usiiamini sana, uliza walipima umbali gani. Hata kama ni 120 kwa mita moja, sehemu ya wazi inashuka mpaka 100 kwa mita kumi na 80 kwa mita mia, na ukuta au mvua vinapunguza tena. Betri zile za kidonge zinaliwa na jasho, kijaribu kila mwezi. Pesa usiweke karibu nacho, akivuta mshipi mwizi anaondoka na vyote.

MamaTwins256
Mimi nilimnunulia binti yangu anayetoka darasa la jioni. Siku ya kwanza kilipolia watu walidhani ni gari, hakuna aliyegeuka hata mmoja. Tukaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na steji ya boda tukawapigia wakisikie, tukaambiana sauti hii ni ya mtoto wetu, kimbieni. Zamani ngoma ikipiga gwanga mujje, ule mlio wa kuita watu wote waje, kila mtu alijua maana yake ndiyo maana alitoka, hicho chako nacho kifundishe watu. Na mwambie mama mkoba aachie, avute pini aelekee penye taa. Polisi ni 999 au 112.

Kijana_wa_Malaba
Kwa macho kuna programu ya simu inaitwa Peek Acuity, walifanya utafiti wake Nakuru hapo Kenya na majibu yakakaribiana na chati za kawaida, ukatoka 2015. Unasimama mita 2, mzee anaonyesha E inakotazama na wewe unatelezesha kidole upande huo. Futa kioo kwanza na mwanga uongeze.

FundiBusia
Nimerudi. Asanteni sana, mungu awabariki. Dirisha la chandarua limefanya kazi, jirani wa nyumba ya nne alitoka na panga. Steji tumeenda jana na boda wawili wamesema watamsindikiza saa moja.

Macho nimempima leo asubuhi chini ya mwembe. Kushoto ameona ya 13, ya 9 amekosa. Kulia hata ile ya 44 hakuiona, akaniambia "mbona karatasi haina kitu", na kupitia tundu la pini ni vilevile. Nilipomulika tochi mboni ya kulia ni ya kijivu kama maziwa yenye maji. Alinyamaza kidogo akauliza kama wanakata kwa kisu. Alhamisi tunaenda hospitali ya macho ya Benedictine, Tororo, amekubali. Nesi, asubuhi anywe chai au aende tumbo tupu?

Nesi_wa_Macho
Anywe chai na ale, siku ya kwanza ni vipimo. Wakimpangia upasuaji watamwambia wenyewe. Abebe dawa zote anazomeza, na wewe uende naye, wakimtanulia mboni kwa matone hataona vizuri masaa kadhaa, asirudi peke yake.