Naombeni ushauri, bibi kagoma mjukuu asipelekwe kituo cha afya

Wakuu habari, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Chamwino. Kuna mtoto wa mwaka na miezi 4, mwezi jana utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ulisoma sm 12, njano (utapiamlo wa kadiri), juzi nimerudia imeshuka 11.3, hapo ni nyekundu maana chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, nikaandika rufaa palepale. Sasa bibi yake kagoma, anasema mtoto kabemendwa (yaani eti kadhoofika kwa sababu wazazi wamekutana kimwili angali ananyonya), kamfunga dawa kiunoni, na uji wenyewe ni wa uwele mtupu hata karanga hakuna (na karanga wanalima wenyewe jamani!). Mama mtoto anataka kwenda ila anamuogopa mama mkwe, mume yuko machimboni. Niende na mwenyekiti wa kitongoji au ndo nitaharibu kabisa? Miguu nimebonyeza haijavimba, ila katoto kamepoa, hata kucheza hakataki.