Tupeane uzoefu: Mlio kwenye kazi za wanawake na amani, ubaguzi mmeukutia wapi?

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa waliofanya kazi kwenye ajenda ya wanawake, amani na usalama: maafisa wa miradi, wakalimani, wahamasishaji, hata mliokaa tu kwenye semina mkasaini fomu ya posho. Ni wapi mmeona rangi ya mtu, au pasipoti yake, ikiamua nani asikilizwe na nani ahesabiwe kuwa tatizo?

Naanza na linaloniudhi. Kila Oktoba tunakumbushwa Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lile la kuwashirikisha na kuwalinda wanawake kwenye masuala ya amani, lililopitishwa New York tarehe 31 Oktoba 2000. Sawa. Lakini urais wa Baraza mwezi ule ulikuwa wa Namibia, nchi iliyotoka mikononi mwa Makaburu miaka kumi tu nyuma, na kabla ya Makaburu ikawa chini ya Wajerumani waliowaua Waherero na Wanama kwa makumi ya maelfu. Azimio la Windhoek, la kuingiza usawa wa jinsia kwenye operesheni za amani, lilitangulia kutolewa hukohuko Namibia, Mei mwaka huohuo. Netumbo Nandi-Ndaitwah, waziri wa masuala ya wanawake wa Namibia wakati ule, leo ndiye Rais wa nchi hiyo. Nimekaa kwenye mafunzo kibao ya 1325 na Namibia haitajwi. Sisi Waafrika tunaingia kwenye slaidi ya pili, kichwani tumebeba ndoo.

Karibuni. Msitaje mashirika wala majina ya watu.

Mama Chukudu, Goma
Jambo yenu. Nilikuwa msaidizi kwenye mradi wa kulinda wanawake, shirika la kigeni. Mpango wa usalama ulibandikwa ukutani, karibu na mashine ya kahawa: safu moja wafanyakazi wa kimataifa, safu nyingine sisi wa hapa. Wao: gari, mpaka, Gisenyi upande wa Rwanda. Sisi: kaeni nyumbani, simu ziwe wazi. Waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, karatasi ile ikatimia neno kwa neno. Bado risasi zinalia na watu wanachota maji ziwani, ukaingia ujumbe: tuma idadi ya wanawake waliobakwa, wafadhili wanauliza. Yaani mimi wa kukaa nyumbani ndiye wa kutoka kwenda kuhesabu. Habari ya mishahara sisemi, mtaugua.

Mkalimani wa Kasulu
Dada Chukudu, pole sana. Mimi nilitafsiri kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, watafiti wanakuja na kuondoka. Kuna mama Mkongomani aliongea muda mrefu kuhusu kuni: wakitoka nje ya kambi kuokota wanapigwa, wanaibiwa, na mengine mnayajua, kwa hiyo wamejipanga kwenda kwa makundi, na zamu ya kulea watoto wa walioenda. Mpango kamili wa usalama, wameutunga wenyewe. Mtafiti akanigeukia: "Muulize kama alibakwa." Nikauliza. Mama akanitazama mimi, si yeye, akasema, "Mwambie nimeshamjibu."
Tangu afisa wa Umoja wa Mataifa alipoiita Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani mwaka 2010, wageni wengi wanafika fomu imeshajazwa kichwani. Zile zamu za kuni sikuziona kwenye ripoti.

Binti Ewaso
Kenya hapa. Semina ya kuzuia migogoro, hoteli moja Isiolo. Mwezeshaji ni kijana ametoka Ulaya juzi, ana karatasi za njano za kubandika na mchoro wa "mti wa migogoro". Pembeni yangu ameketi nyanya mmoja wa Wajir. Mnaijua Wajir ya mwanzoni mwa miaka ya 90? Wanawake wa koo tofauti walifika mahali hawauziani kitu sokoni. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wakaanzia palepale sokoni, wakaweka kamati ya kusimamia soko, kisha wakawaendea wazee, vijana na serikali. Kamati za amani za wilaya zilizoenea Kenya zilijifunza kwao, na Dekha akapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Nyanya alikuwa kwenye shughuli hiyo. Akapewa kalamu na karatasi ya njano aandike "chanzo kimoja cha mgogoro". Akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, tumekuja kufundishwa au kufundisha?" Watu wakacheka, kijana naye akacheka. Ripoti ikasema jamii haina uwezo, iongezewe mafunzo.

Nyakati Ngumu
Samahani, nitawaudhi. Mzungu si peke yake. Niko Kivu Kusini. Wanawake wa Batwa, wenyeji wa asili wa misitu yetu, waliofukuzwa pamoja na familia zao kutoka msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 70, ardhi ikawa hifadhi, hatuwaiti kwenye meza zetu za amani. Safari moja tulimwita mmoja. Wakati wa chai kikombe chake kikawekwa pembeni, kisichanganywe na vingine. Waliofanya hivyo ni akina mama weusi kama mimi, mmoja ndiye alikuwa ametoka kusoma hotuba ya kuondoa ukoloni.

Binti Ewaso
Umesema kweli. Na washauri wetu wa Nairobi wanaowaita watu wa kaskazini "hao" wamo humohumo.

Dada wa Baridi
Niko Ulaya, kwetu Kisumu. Nina shahada ya uzamili ya sera za usalama. Nilialikwa kongamano la 1325, wakanitambulisha kuwa "sauti ya manusura kutoka Kongo". Sijawahi kufika Kongo. Mzungumzaji mkuu alilipwa, mimi nikapewa shada la maua na tiketi ya treni. Mpango wa taifa wa nchi hii wa kutekeleza 1325 unataja wanawake wa Mali na Afghanistan, lakini wanawake waliomo kwenye kambi ya waomba hifadhi, kituo kimoja cha basi kutoka ukumbini, hawamo.

Mkalimani wa Kasulu
Maua uliyafanyaje?

Dada wa Baridi
Niliyaacha kwenye treni.

Mama Chukudu, Goma
Kikundi chetu sasa kina masharti, tunayasoma kabla mgeni hajafungua begi. Mkutano ni kwa Kiswahili, mwenye kuhitaji mkalimani ni yeye na anamlipa. Aliyetoa wazo na akataka jina lake liandikwe, liandikwe. Ripoti inarudi kusomwa kwetu kabla ya kutumwa. Wawili wamekataa wakaondoka. Mmoja amekubali, anarudi mwezi ujao na rasimu. Na dada wa Kivu Kusini, lile la vikombe nimelipeleka kwenye kikao cha Jumamosi.