Nampeleka mamangu Fort Jesus na Mji wa Kale. Tuanzie wapi?

Binti_Mwatate
Hamjambo wenzangu. Mamangu anateremka kutoka Mwatate wiki ijayo, atakuwa kwangu Mikindani, na nataka siku moja iwe yake peke yake mjini. Ni mtu mzima, miaka sabini na kitu. Magoti yanamuuma, lakini kutembea anapenda, bora asiharakishwe. Mombasa huja kwa harusi na matanga tu: akishuka stendi ni moja kwa moja nyumba ya watu, kisha kurudi. Mji wa Kale hajauingia.

Kuna jambo ameniomba. Babake alifungwa Fort Jesus miaka ya hamsini, mama akiwa mdogo. Babu alirudi nyumbani na hakusimulia chochote, na nyanya akawakataza watoto kumuuliza. Akafa hivyo hivyo. Sasa mama anataka kuingia mle ndani aone kwa macho yake. Sitaki kumburura juani hadi afike kwenye hilo analolitaka akiwa hoi. Tuanzie wapi? Na habari za jela zipo humo ndani?

Jirani_Kibokoni
Mamako mpe shikamoo yangu. Sikiza mwanangu, anzeni na ngome yenyewe, saa mbili asubuhi ikifunguliwa, kabla jua halijakolea. Ukipita lango kuna kupanda kidogo, mshike mkono. Malipo siku hizi ni kwa simu, kwa hivyo ujipange kabla ya kutoka nyumbani.

Mkitoka hapo ingieni Ndia Kuu polepole. Nyumba zimekaribiana, kivuli hakikosekani, na milango ya nakshi na roshani za mbao mtaziona mkipita. Mbele kuna Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570 hivi, na mnara wake mweupe uliochongoka juu. Ngazi za Leven zinazoteremka baharini ziacheni, kwa magoti hayo hapana. Kisha tuktuk hadi Marikiti kwa viungo, na Biashara Street achague leso. Usimchagulie. Muwache azifungue na kuzisoma hata kama ni saa nzima.

Ijumaa msije. Adhuhuri maduka mengi hufungwa.

Mlikoni
Mimi ningeiacha ngome kabisa. Kumpeleka mama wa miaka hiyo mahali babake alipofungwa ni kumtonesha kidonda. Mpeleke bustani ya Mama Ngina kando ya bahari jioni, ale mihogo ya pilipili na dafu, atazame meli zikiingia Kilindini. Atarudi kwao na furaha.

Mtembeza_Wageni
Mlikoni, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Mama ameomba mwenyewe. Amekatazwa kuuliza tangu utotoni, naye leo akikatazwa kuona atakuwa amekatazwa na mwanawe.

Dada, nimetembeza watu ngomeni miaka mingi, nikwambie utakachokikuta. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mtaliano, Cairati. Hayo utayasikia hata usipouliza. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, zaidi ya miaka sitini. Baada ya hapo ikakarabatiwa kwa pesa za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa hivyo mtayarishe mama mapema: hataikuta jela kama babake alivyoiacha. Vinavyoonyeshwa zaidi ni vya Wareno na Waomani, ule mzingiro wa 1696 hadi 1698 Waomani walipowazingira Wareno humo, na vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, meli iliyozama hapo mbele 1697. Wafungwa wamepata nafasi ndogo mno, na jambo hilo linaniuma, maana wana wao na wajukuu wao wako hai, ndio hawa wanaokuja kuwaulizia.

Lakini kuta ni zile zile. Mawe ya matumbawe, nene ajabu, na babu aliziona kila siku aliyokaa humo. Mpeleke mama uani akae kwanza. Halafu msogee upande wa bahari, kunakotazama mkono wa bahari unaoingia bandari ya kale. Chumba cha Waomani na michoro ya mabaharia wa Kireno mtaviona mkiwa na nguvu.

Mkichukua mtu wa kuwaelekeza, kubalianeni malipo langoni, na mwambie kabla hajaanza kwamba mmekuja kwa habari za jela.

Binti_Mwatate
Ahsanteni sana. Nimempigia mama nikamsomea yote, hata ya Mlikoni. Anasema ngome kwanza, mihogo jioni, na leso atachagua mwenyewe, Jirani umemjua kabla hamjaonana! Alinyamaza kidogo nilipofika kwenye 1958. Kisha akanitajia mdogo wake aliye Voi, anataka aje naye. Kwa hivyo tutakuwa watatu, nao wote wawili ni watu wazima.

Anauliza mambo mawili: wataruhusiwa kukaa uani muda wanaotaka? Na choo kiko karibu?

Mtembeza_Wageni
Choo kipo ndani. Na mkishalipa hakuna wa kuwatoa hadi jioni wakifunga. Waje na vitambulisho vyao, bei ya mwananchi si sawa na ya mgeni.