Sensa kubwa au lenzi nyingine kwa video za harusi ukumbini? Naomba ushauri

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninarekodi harusi kwa kamera ya Micro Four Thirds, ambayo sensa yake (kipande kinachopokea mwanga) ni mm 17.3 kwa 13, nikitumia lenzi ya mm 25 kwenye f/1.8. Juzi nilisimama bega kwa bega na mwenzangu mwenye sensa ya mm 36 kwa 24 na lenzi ya mm 50, naye akiwa kwenye f/1.8 hiyohiyo. Bibi harusi alienea karibu sawa katika picha zetu, lakini kwake taa za nyuma ya jukwaa ziligeuka duara kubwa laini, ilhali kwangu mikunjo ya pazia ilihesabika, tena picha ilijaa chenga, zile nukta nukta za mwanga hafifu. Je, niuze kamera, au lenzi itanitosha?

Jibu la 1
Ndugu, namba ya f ni uwiano tu wa urefu wa fokasi (zile mm za lenzi) na upana wa tundu linalopitisha mwanga. Gawanya 50 kwa 1.8 upate tundu la karibu mm 28; lako, 25 kwa 1.8, ni mm 14. Mkisimama mahali pamoja na kupata picha ya upana uleule, tundu hilo ndilo linaloamua ukungu wa nyuma. Mwenzako akifunga tundu hadi f/3.6, pazia lake litafanana na lako. Kwanza mwombe mpambaji asogeze meza ya maharusi mbali na pazia.

Jibu la 2
Kuhusu chenga, sensa yake ina eneo linalokaribia mara 4 ya lako, hivyo kwa f ileile inakusanya mwanga mwingi zaidi. Hata hivyo, mimi ninayetumia sensa kubwa kama hiyo niliumia wakati wa kulishana keki: kope za bibi harusi zilionekana moja moja, huku uso wa bwana harusi, uliokuwa nyuma kidogo tu, ukiwa ukungu mtupu, na tukio lile halirudiwi. Siku hizi kwenye keki nafunga hadi f/3.5 na kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) kutoka 1600 hadi 6400, na chenga hurudi karibu sawa na zako.

Jibu la 3
Ukinunua kamera ya sensa kubwa, hakikisha inarekodi 4K kwa sensa nzima. Canon EOS R ya mwaka 2018 kwenye 4K hutumia sehemu ya kati tu ya sensa, hivyo picha hubanwa takriban mara 1.7.

Mwanzisha uzi
Nimewaelewa, nashukuru sana. Jumamosi nina sendofu. Nitaongea na mpambaji mapema, kisha nitakodi lenzi ya mm 42.5 yenye f/1.2, ambayo tundu lake ni mm 35, niijaribu kwa picha za karibu.